Mchongaji Asiyekuwapo: Chapa ya Neuland na Sura ya "Uafrika" katika Majalada ya Vitabu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki chapa ya Neuland, iliyobuniwa na Rudolf Koch nchini Ujerumani mwaka 1923, ambayo baadaye ilitumiwa na wachapishaji wa Magharibi kuashiria Afrika na watu weusi. Yanachambua umbo la chapa hiyo, namna ilivyotengenezwa, na jinsi ilivyofika kwenye majalada ya vitabu. Kisha yanailinganisha na mapokeo ya maandishi ya kuchongwa na ya kuchapwa katika Uswahili, hasa nakshi za misikiti na milango, pamoja na kanga. Hoja kuu ni kwamba Neuland huwafanya wasomaji waamini kuwa iko kazi ya mchongaji wa mbao ambaye kwa kweli hakuwapo. Inapowekwa juu ya kitabu cha Kiafrika, mchongaji huyo wa kubuni huwafunika wachongaji na waandishi waliokuwapo. Makala yanapendekeza kwamba umbo la herufi lihesabiwe kuwa sehemu ya kazi ya mhakiki wa fasihi.

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una desturi ya kulichambua jina la kitabu kwa maana yake. Mhakiki huuliza kwa nini mwandishi alichagua neno fulani, lina ishara gani, na linahusianaje na dhamira. Ni nadra kuuliza jina hilo limevikwa herufi za namna gani. Umbo la herufi huachiwa mchapishaji, kana kwamba ni suala la karatasi na gundi tu.

Desturi hiyo ina upungufu. Gérard Genette (1987) alivikusanya vitu vinavyoizunguka matini, yaani jina, jalada, dibaji, tabaruku na hata uchaguzi wa chapa, akaviita "vizingiti". Istilahi hiyo inaingia katika Kiswahili bila taabu. Kizingiti ndipo mgeni anaposimama kupiga hodi, na kabla hajaitikiwa huwa ameshaona mengi: mlango ni wa namna gani, umechongwa au haukuchongwa, mwenye nyumba ni mtu wa aina gani. Msomaji naye hupiga hodi kwenye jalada. Akiingia kitabuni akiwa na matarajio yasiyo sahihi, sehemu ya kosa inaweza kuwa ya herufi alizozikuta mlangoni.

Neuland ni mfano mzuri wa kuichunguza hali hii, kwa sababu ni miongoni mwa chapa ambazo matumizi yake yameuzidi nguvu ubunifu wake. Iliundwa na Mjerumani, katika mji wa Kijerumani, kwa madhumuni yasiyoihusu Afrika. Hata hivyo, katika masoko ya vitabu ya Magharibi ilikuja kusomwa kama "herufi ya Kiafrika". Swali la makala haya si nani alitenda kosa hilo kwanza. Swali ni je, herufi hiyo inasema nini, na inanyamazisha nini, inapoitwa kuzungumza kwa niaba ya fasihi ya Kiafrika?

2. Umbo na utengenezaji wa Neuland

Rudolf Koch (1876–1934) alikuwa mwandishi wa hati na msanifu wa herufi katika kiwanda cha Klingspor mjini Offenbach. Alikuwa mcha Mungu wa madhehebu ya Kilutheri, na alilelewa katika mapokeo ya hati nyeusi za Kijerumani, zile zenye mistari minene inayobanana hadi ukurasa ukaonekana kama kitambaa kilichofumwa. Neuland, ambayo jina lake maana yake ni "ardhi mpya", ilikuwa jaribio la kuupata weusi huo wa ukurasa kwa kutumia herufi za Kirumi.

Namna alivyoitengeneza haikuwa ya kawaida. Kwa desturi, msanifu alichora herufi kwenye karatasi, na fundi akaichonga kwenye ncha ya kipande cha chuma. Chuma hicho kiligongwa kwenye shaba ili kupata kalibu, na kalibu ikamiminiwa risasi iliyoyeyushwa. Koch aliiruka hatua ya kwanza. Alichonga herufi moja kwa moja kwenye chuma, bila mchoro wa kufuata. Kwa kuwa kila saizi ilihitaji vyuma vyake, na kila chuma kilichongwa upya, umbo la herufi lilibadilika kutoka saizi moja hadi nyingine. Neuland ndogo na Neuland kubwa zilikuwa kama ndugu, wala si nakala.

Matokeo yake ni chapa ya herufi kubwa tupu, isiyo na herufi ndogo. Mistari yake ni minene, inakaribia kuwa na unene mmoja, na hupanuka kidogo miishoni. Miviringo ya herufi kama C na O si ya bikari, bali ina dalili za mkato. Zikipangwa kwa kubanana, nafasi nyeupe kati ya herufi hupungua na neno huwa bamba moja jeusi. Kwa upande wa ufundi, hiyo ni kazi ya kusifiwa. Koch aliupata uzito bila kupoteza uchangamfu, na mkono wake unaonekana bila kujigamba. Katika neno moja au mawili ya bango, Neuland inasimama imara na kusomeka kutoka mbali.

Jambo moja linahitaji kusisitizwa, kwani ndilo msingi wa hoja inayofuata: Neuland haikuchongwa kwenye mbao. Ni kazi ya chuma, iliyofanywa na fundi aliyesoma historia ya hati za Ulaya kwa kina. Ukali wa kingo zake ni matokeo ya uamuzi wa kisanaa. Hautokani na uhaba wa zana, wala na mkono usiojua kunyoosha mstari.

3. Kutoka Offenbach hadi kwenye jalada

Ilikuwaje basi herufi ya chuma ikasomwa kama herufi ya mbao, kisha herufi ya mbao ikasomwa kama herufi ya Afrika? Rob Giampietro (2004) ndiye aliyelitafiti suala hili kwa umakini zaidi. Anaeleza kwamba huko Marekani Neuland ilifanana machoni mwa watu na herufi za mbao za karne ya 19, zile zilizotumiwa kwenye mabango ya bei nafuu ya sarakasi na matangazo ya bidhaa. Herufi hizo zilikuwa na hadhi ya chini katika uchapaji, na zilikuwa zimeshahusishwa na picha za dhihaka za watu weusi. Neuland ilirithi hadhi hiyo pamoja na uhusiano huo. Miongoni mwa majalada anayoyajadili ni la riwaya ya Richard Wright, Native Son.

Mfano huo una uzito wa pekee. Native Son ni riwaya ya Chicago, jiji la viwanda, vyumba vya kupanga, magazeti na mahakama. Hakuna kinachotokea humo kinachodai herufi ya kuchongwa porini. Kinachobaki kuieleza herufi hiyo ni rangi ya ngozi ya mwandishi na ya mhusika wake mkuu.

Upo pia mkondo wa Kijerumani ambao maelezo yanayoishia Marekani hayaugusi. Wasanii wa kikundi cha Die Brücke, kilichoanzishwa Dresden mwaka 1905, walizitazama kwa hamu sanamu za kuchongwa za Afrika na Oseania katika makumbusho ya mji huo, na kwa kiasi fulani wakajenga juu yake mtindo wao wa picha za kuchonga mbao. Hata tamko lao la mwaka 1906 lilichongwa na Ernst Ludwig Kirchner kwenye ubao, herufi kwa herufi. Hapana haja ya kudai kwamba Koch alikuwa na nia hiyo. Inatosha kusema kwamba kufikia mwaka 1923 jicho la Mjerumani msomi lilikuwa limeshafundishwa kuiona herufi yenye kingo kali kuwa ni alama ya nguvu za "asili". Vinyago vya Kiafrika viliazimwa ili kuipa sanaa ya Ulaya ukali mpya, kisha ukali huo ukarudishwa Afrika kama sura yake halisi.

Ushahidi kwamba herufi hii haisemi "Afrika" bali "pori" unapatikana nje ya Afrika. Mwaka 1993 filamu ya Jurassic Park, inayohusu wanyama waliotoweka mamilioni ya miaka iliyopita, ilitumia Neuland kwenye nembo yake. Herufi ileile inapofaa dinosaria na inapofaa riwaya ya mwandishi mweusi, kinachoviunganisha vitu hivyo viwili akilini mwa msanifu ni dhana ya kuwa kabla ya historia. Chapa ya Lithos nayo inathibitisha jambo hili. Carol Twombly aliibuni mwaka 1989 kwa kufuata maandishi ya Kiyunani yaliyochongwa kwenye mawe. Hata hivyo, Giampietro anaonyesha kwamba nayo iliishia kuitwa kwenye kazi ileile ya kuashiria Afrika. Herufi za Kiyunani zimegeuzwa herufi za mbuga, na asili ya umbo haikuulizwa.

Hapa herufi inaungana na picha. Mwaka 2014 jarida la mtandaoni Africa Is a Country lilionyesha majalada zaidi ya 30 ya vitabu kuhusu Afrika yaliyobeba mti wa mgunga na machweo ya rangi ya chungwa. Miaka tisa kabla ya hapo, Binyavanga Wainaina alikuwa ameshaikejeli mazoea ya namna hiyo katika insha yake maarufu ndani ya jarida la Granta. Mjadala huo, hata hivyo, uliishia zaidi kwenye picha. Mti unaweza kuondolewa kwenye jalada, na herufi zikabaki kuifanya kazi ya mti.

4. Wachongaji waliokuwapo

Kwa msomaji wa Kiswahili, udhaifu wa Neuland kama ishara ya Afrika unadhihirika ikiwekwa kando ya maandishi halisi ya mwambao. Neuland inadokeza bara ambalo maandishi ni jambo geni, ambalo mtu akilazimika kuandika hushika kisu na kipande cha ubao. Historia ya Uswahili inalikanusha dokezo hilo kwa jiwe, kwa mbao, kwa wino na kwa kitambaa.

Kwa jiwe, uko msikiti wa Kizimkazi, Unguja. Maandishi yake ya Kikufi, yaliyochongwa kwenye matumbawe, yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Ni maandishi yenye mapambo ya majani yanayojipinda kutoka kwenye miisho ya herufi, na kila mpindo umepimwa. Aliyeyachonga, awe alitoka wapi, hakuwa mtu wa kubahatisha.

Kwa mbao, iko milango ya Unguja, Lamu na Mombasa. Hapa ndipo ulinganisho unapouma, kwa maana hii ndiyo mbao ambayo Neuland inajifanya kuitoka. Kwenye kizingiti cha juu cha milango mingi ya zamani mna maandishi ya Kiarabu, mara nyingi aya ya Kurani, na pengine jina la mwenye nyumba na mwaka. Miimo na mfaa hujazwa minyororo, samaki na maua. Fundi wa mlango alitumia patasi kwenye mti mgumu, na juhudi zake zote zilielekea kwenye ulaini: herufi ipinde bila kukatika, nukta ikae mahali pake, mstari ujae bila kubanana. Kingo kali zilizoachwa wazi, ambazo kwa Koch ni mtindo, kwa fundi huyo zingekuwa kazi isiyokwisha.

Kwa wino, upo mswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 kutoka Pate, na iko miswada mingi ya tenzi na mashairi iliyonakiliwa kwa hati za Kiarabu kabla na baada ya kufika kwa matbaa. Matbaa yenyewe ilifika Unguja katika karne ya 19. Wamisionari wa Kiingereza walichapa Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na Sultani Barghash (alitawala 1870–1888) akaanzisha matbaa ya Kiarabu.

Kwa kitambaa, iko kanga. Jina la kanga, yaani maneno yake, liliwahi kuandikwa kwa hati za Kiarabu kabla ya herufi za Kirumi kushika nafasi. Leo huandikwa kwa herufi kubwa, kama za Neuland, lakini tofauti ni kubwa. Herufi za kanga kwa kawaida ni nyembamba kiasi, zimenyooka, zina nafasi baina yake, na hukaa kwenye mstari mmoja ndani ya mji juu ya pindo la chini. Hazijitii ukali, kwa sababu ukali umo katika maneno yenyewe. Mwanamke anayeichagua kanga ili kumjibu jirani anahitaji jirani huyo asome, basi.

Ni kweli kwamba maandishi ya Kizimkazi na ya milango ni ya Kiarabu, na kwamba mwambao si Afrika nzima. Hoja haidai zaidi ya hapo. Inadai tu kwamba pale ambapo bara hili lina mbao zilizochongwa maandishi na mafundi wenye majina na mapokeo, herufi iliyochaguliwa kuliwakilisha haifanani hata kidogo na kazi ya mafundi hao.

5. Jaribio la jina moja: Kusadikika

Uhakiki wa herufi hauwezi kukamilika bila kuziweka herufi kazini. Chukua jina la kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, Kusadikika, likipangwa kwa Neuland.

Tatizo la kwanza ni la umbo. Jina hilo lina herufi kumi, na kati ya hizo K ni tatu, I ni mbili na A ni mbili. Hiyo ni tabia ya Kiswahili, lugha ambayo silabi zake kwa kawaida huishia kwa irabu na ambayo hurudiarudia viambishi. Herufi inayodai kuwa imechongwa kwa mkono ingetarajiwa kutofautiana kila inapochongwa tena, kama ilivyo kwenye mlango, ambapo herufi ileile hujinyoosha au kujikunja kulingana na nafasi. Katika Neuland, K zote tatu za Kusadikika zina mkato uleule, mahali palepale. Katika toleo la risasi, hali hiyo ilipunguzwa makali na tofauti baina ya saizi. Katika matoleo ya kompyuta yaliyoenea leo, mchoro mmoja hukuzwa na kupunguzwa kwa saizi zote, na tofauti hiyo imepotea. Kilichokuwa dalili ya mkono wa Koch kimekuwa barakoa. Kiswahili, kwa kurudia herufi zake, huivua barakoa hiyo haraka kuliko lugha nyingi.

Tatizo la pili ni la usomaji. Kiswahili huunda maneno marefu kwa viambishi, na tofauti ya maana hukaa ndani ya neno. Herufi ndogo, kwa vichwa na mikia yake, humsaidia msomaji kuzitambua sehemu hizo. Bamba jeusi la herufi kubwa zilizobanana huuondoa msaada huo. Alama ya ritifaa katika "ng'", au katika jina kama Vuta N'kuvute la Shafi Adam Shafi, humezwa kwa urahisi na unene wa herufi zilizo kando yake.

Tatizo la tatu ni la maana, na ndilo kubwa. Kusadikika ni kisa cha nchi iliyo angani, na kiini chake ni baraza la hukumu: Karama anashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, na anajitetea kwa hoja siku baada ya siku. Ni kitabu kinachoamini katika nguvu ya neno lililopangwa vizuri mbele ya mwenye mamlaka. Neuland ingemwandaa msomaji kwa ngoma, moto na wanyama. Angeingia akitafuta ngano, na akikuta falsafa ya sheria angeisoma kama ngano. Makosa ya usomaji wa namna hiyo hayatokani na ujinga wa msomaji. Ameelekezwa njia, naye ameifuata.

6. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba umbo la herufi halina kosa, na kwamba maana hutokana na mazoea, hivyo mazoea yakibadilika maana nayo itabadilika. Pingamizi hili lina ukweli, na kwa sababu hiyo makala haya hayamshtaki Koch. Hata hivyo, mazoea hayabadiliki kwa kungojewa. Kila jalada jipya linalotumia Neuland kwa kitabu cha Kiafrika, bila sababu inayotoka ndani ya kitabu, linayakaza mazoea yaleyale.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Waafrika wenyewe wanaitumia. Herufi za namna hii huonekana kwenye vibao vya maduka ya vinyago na kwenye matangazo ya safari za mbugani katika Afrika Mashariki. Jambo hilo halithibitishi kwamba herufi hizo ni za Kiafrika. Linathibitisha kwamba mwenye duka anamjua mteja wake. Amemwekea mgeni kile ambacho mgeni alikuja akitarajia kukiona, na biashara hiyo ina akili yake. Mchapishaji wa riwaya yuko katika hali nyingine, kwa maana riwaya haiuzwi ili kuthibitisha matarajio ya msomaji.

Ni muhimu pia kutolijibu kosa kwa kosa jingine. Kuna herufi za Kirumi zinazoigiza mwandiko wa Kiarabu, nazo zinaweza kuonekana kuwa badala nzuri kwa vitabu vya Unguja na Lamu. Hizo ni Neuland kwa jina jingine. Humwambia msomaji mahali mwandishi anapotoka kabla ya kumwambia anachokisema. Mlango wa Unguja hautakiwi kubandikwa kwenye kila kitabu cha mwambao. Umetajwa hapa kama ushahidi wa umakini wa fundi, na umakini huo ndio unaofaa kuigwa.

7. Hitimisho

Neuland ni chapa njema iliyopewa ushahidi wa uongo wa kutoa. Ilibuniwa na fundi aliyeacha kuchora ili mkono wake ukutane na chuma moja kwa moja. Baada yake, ikasomwa kama kazi ya mtu asiyejua kuchora. Kosa hilo lilipohamishiwa kwenye majalada ya vitabu, liligeuka kuwa dai kuhusu watu wazima na historia yao: kwamba hawakuwa na maandishi, na kwamba wakiandika, huandika kama wanaochonga.

Kwa mhakiki wa Kiswahili, funzo ni la kiutendaji. Anapochambua tafsiri ya kazi ya Kiswahili iliyotolewa ughaibuni, au toleo jipya la kazi ya zamani, aitazame chapa ya jalada kama anavyoitazama dibaji: nani aliichagua, kwa msomaji gani, na inamtayarishia usomaji wa namna gani. Kwa mchapishaji, swali ni moja, nalo linatosha: je, herufi hii ingechaguliwa kama jina la mwandishi lingefichwa? Kama jibu ni hapana, herufi hiyo imechaguliwa kwa ajili ya asili ya mwandishi, na kitabu chenyewe hakijasomwa.

Fundi wa mlango alijua ni nyumba ya nani kabla ya kushika patasi. Alipima kizingiti, akauliza maneno, ndipo akachonga.